HUTUBA YA IJUMAA: BAHARI ILIYO CHINI YA BARAFU

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa njema zote zinamstahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Wazee wangu, ndugu zangu na mama zetu, nawausia ninyi na nafsi yangu tumche Allah.

Juma lililopita kijana wa madrasa yetu aliniuliza: "Mwalimu, wataalamu wanatafuta viumbe hai kwenye mwezi wa sayari ingine. Wakivipata, imani yetu itakuwaje?" Kabla sijajibu, mtu mzima aliyekaa karibu akamwambia swali hilo ni kufuru. Kijana akainamisha kichwa, akatoka, hata daftari lake akaliacha. Hutuba ya leo ni jibu lake.

Mwezi huo unaitwa Europa, nao unaizunguka sayari kubwa ya Mushtari. Galileo Galilei wa Italia aliuona mwaka 1610. Ni mdogo kidogo kuliko mwezi wetu, na wote umefunikwa na barafu ngumu kama mwamba. Wataalamu wana dalili za nguvu kwamba chini ya barafu hiyo kuna bahari ya chumvi, yenye maji labda mara mbili ya bahari zote za dunia. Mwangaza wa jua haufiki kule. Ila Mushtari inauvuta mwezi ule na kuuachia, tena na tena, mpaka unapata moto ndani, kama waya unaoukunja mara nyingi mkononi. Ndiyo maana maji hayagandi yote.

Mtu atauliza, nani ataishi katika giza lile? Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galapagos, watu walishuka baharini kama mita 2,500, wakakuta chaza na minyoo mirefu kwenye chemchemi za moto. Chakula chao hakitokani na jua, kinatokana na vijidudu vinavyotumia gesi itokayo ardhini. Hata ziwa letu Tanganyika lina chemchemi za moto chini ya maji, upande wa Ubwari. Allah alikuwa akiwaruzuku wale kabla hatujawaona.

Sura Ash-Shura, aya ya 29, inataja viumbe ambavyo Allah amevitawanya mbinguni na ardhini. An-Nahl, aya ya 8, inatwambia kwamba anaumba tusivyovijua. Basi hofu ya nini? Lakini nanyi vijana, msikimbilie kusema Kurani imeitaja Europa. Hakuna aliyeona hata kijidudu kimoja kule. Chombo cha Wamarekani, Europa Clipper, kilirushwa Oktoba 2024, kinatazamiwa kufika 2030. Hakitateremka, kitapita karibu mara nyingi na kupima kama pale panafaa kuishi.

Jambo moja limenigusa zaidi. Mwaka 2003, chombo cha kwanza kilichoizunguka Mushtari kilikuwa karibu kuishiwa mafuta. Wenyewe wakaogopa kisije kikaangukia Europa na kupeleka vijidudu vya dunia katika bahari ile. Wakakiangusha kwa makusudi ndani ya Mushtari, kikaungua. Waliogopa kudhuru viumbe ambavyo hawajui hata kama vipo. Na sisi tumemvunja moyo kijana tunayemjua jina na baba yake! Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba neno kafiri, ukimrushia ndugu yako, humrudia mmoja wenu.

Mzee yule amekwisha kuniambia atamwomba radhi. Kijana, kama uko safuni, usiondoke baada ya sala. Daftari lako ninalo, tutakaa barazani, na mwenye swali lingine aje nalo.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Allah msamaha, kwangu na kwenu.