Jua Lisilolala

Umeamka, na jua limeamka nawe. Huko Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwe, kuna majira halilali. Kuanzia Mei hadi Julai jua halizami. Saa sita usiku linawaka juu ya bahari, na mtu yuko nje anapaka rangi nyumba yake.

Mgeni hufurahi. Hutembea, hupanda mlima, hutembea tena. Hakuna giza la kumwambia basi. Kisha mwili unadai deni lake.

Wenyeji wana pazia. Pazia zito, lisilopitisha hata uzi wa mwanga. Usiku hauji, basi wanaushusha wenyewe. Wanavuta pazia, wanalala. Na Ramadhani ikiangukia majira hayo, wapo Waislamu wa huko wanaofunga na kufuturu kwa saa za Makka.

Sisi huku tumezoea kushushiwa usiku. Magharibi inaingia, giza linatufungia duka. Ila siku hizi taa zinakesha, simu zinakesha. Naona tumehamia Tromsø bila kupanda ndege.

Basi, msikilizaji, kabla hujatoka mlangoni, amua leo utaacha kazi saa ngapi. Saa hiyo ikifika, acha.