Mji Apewe Nani

Kwetu, anayeshindwa kitendawili hulipa mji. Mtegaji husema, "Nipeni mji," wasikilizaji wanataja Dodoma, au Mombasa, au Makka, naye akishaupokea ndipo anapotoa jibu. Mpwa wangu anayefanya kazi Stockholm aliponieleza mchezo wa huko, niliona mambo yamegeuzwa: simu inakupa fumbo, ukilifumbua unapewa mtaa unaofuata, na hakuna mtu wa kukutembeza. Katika mji wa kale wa Gamla Stan, pale Prästgatan inapokutana na Kåkbrinken, kuna jiwe lenye maandishi ya enzi za Waviking lililojengewa kwenye kona ya nyumba. Wengi hulipita. Mwenye fumbo hulitafuta mpaka alione.

Nilivutiwa sana. Qur'ani inawaagiza watu, zaidi ya mara moja, watembee katika ardhi na kutazama, na mimi nimefundisha jiografia nikiamini kwamba kutazama ni ibada.

Alipokuja likizo nikamtegea mafumbo mjini Kilosa. La kwanza: baba na mwana wanapita bonde moja, mwana ana hatua pana kuliko baba. Alizunguka stesheni ya zamani, akaenda hadi reli mpya, akarudi na jibu: reli ya Wajerumani ina upana wa milimita 1,000, na hiyo mpya, SGR, iliyoanza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024, milimita 1,435.

La pili nililiweka kwenye tuta la Mto Mkondoa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto huu uliingia mjini, ukawatoa maelfu ya watu majumbani, ukazoa reli upande wa kwenda Gulwe. Nikamuuliza: kwa nini? Alitazama maji kwa muda. "Mjomba, hapa nakupa mji."

Nikaukataa. Hilo ndilo jambo linaloniuma, kwamba tunampa Mungu mji mapema mno. Maji hayajakauka barazani, tumeshasema ni mapenzi yake, na kumbe bado hatujatembea. Tungetembea tungeona mchanga ulivyoinua kitako cha mto. Tungeufuata mchanga hadi kwenye miteremko iliyolimwa na kukatwa miti huko juu, Ukaguru na Mpwapwa. Kisha tungemfuata mkata miti hadi jikoni kwake, tukakuta anatafuta ada ya shule. Kusalimu amri kabla ya kuuliza hayo ni uvivu uliovaa kanzu, nami naamini Mungu haupokei.

Tukiwa njiani kwenda Mikumi, tumeshapita Zombo, akanirudia. "Stockholm najua kuna mtu aliyetega, ndiyo maana sichoki. Hapa nani kakwambia kuna mtegaji?"

Nilimjibu kwamba hata huko hajawahi kumwona. Anamwamini kwa sababu kila jibu limemfungulia swali jingine. Mkondoa nao ulitufungulia: maji yakatupeleka kwenye mchanga, mchanga kwenye mlima, mlima kwenye jiko la mtu. Dunia inayojibu hivyo inapoulizwa, mimi siwezi kuiita ya bahati nasibu.

"Hiyo inaonyesha mpangilio," akasema. "Haionyeshi huruma."

Ni kweli, na nilimkubalia. Huruma sikuisoma mtoni. Ninayo kwa kuambiwa, kwa ufunuo, na sioni aibu kuambiwa. Katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, hutembei kwa miguu bila askari mwenye bunduki anayejua nyayo za simba, na hakuna anayeona kwamba akili yake imedharauliwa. Kwa hiyo mimi na mpwa wangu hatugombani kama kiongozi anahitajika. Tunagombania mpaka uwekwe wapi. Yeye anausogeza mbali kila mwaka, na sayansi inampa haki kwa mengi. Mimi nauweka mahali pamoja: mchanga umeshapimwa, miti imeshahesabiwa, tuta limeshajengwa upya, halafu mama aliyepotelewa anauliza kwa nini wangu na si wa jirani. Hapo ndipo ninapotoa mji.