Kupumzika Nako ni Haki

Ndugu zangu, mwanamichezo wa Kigali anayejiandaa kwa Ironman 70.3 ya Rubavu (kuogelea km 1.9, baiskeli km 90, kukimbia km 21.1) huupanda mlima wa Rebero kwa miezi. Wiki mbili za mwisho hupunguza mazoezi ili misuli ipone. Nafsi iliyomwambia "lala" mwanzoni, sasa humwambia "ongeza". Je, kupumzika ni uvivu?

Abdullah bin Amr (R.A.) alikuwa akifunga kila siku na kuswali usiku kucha. Mtume (S.A.W.) akamkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake. Alipozeeka, alitamani angeikubali ruhusa ile.

Mvivu huikimbia kazi. Aliyeifanya akapumzika ametimiza haki. Aliyesoma muhula mzima naye alale usiku wa mtihani, amtegemee Allah.