Mjomba, Usikimbilie Benki Bado

Mjomba, keti kwanza. Najua mpunga umekulipa mwaka huu na fedha zinakuwasha mkononi. Kesho unataka uende benki ukamalize deni, milioni 12 zilizobaki, kabla ya muda wake. Sikukatazi. Ila haya nimewaambia kaka zako, nikayarudia, mpaka sauti imechoka. Wewe nisikilize mara hii moja.

Umesema ukilipa milioni 12 faida itashuka na TRA watakuta kidogo. Hapo ndipo mnapojikwaa nyote. Fedha uliyokopa haikuwa mapato siku ilipoingia, wala hukuilipia kodi. Basi siku inapotoka haiwi gharama. Kinachopunguza faida ni riba peke yake, tena riba ya fedha iliyofanya kazi ya biashara. Ile sehemu uliyoezekea nyumba, riba yake usimpelekee mhasibu.

Sasa tupige hesabu. Tuseme riba iliyobaki mpaka mwisho wa mkataba ni milioni 1.5, yote ya fedha ya biashara, na benki imekubali kuifuta ukilipa leo. Waulize hilo mapema, maana mikataba haifanani. Faida ya kampuni yako itapanda kwa milioni 1.5 hizo, na kwa asilimia 30 kodi itaongezeka kwa 450,000. Watakuja watu wakwambie liache deni, linakupunguzia kodi. Wapokee kwa adabu, usiwafuate. Nani atoe milioni 1.5 ili aokoe 450,000? Mkononi unabaki na 1,050,000. Benki ikikutoza asilimia 3 kwa kulipa kabla ya muda, hiyo ni 360,000, na bado hujapata hasara.

Dada yako mwenye duka asiige hesabu hii. Yeye hana kampuni, mauzo yake hayafiki milioni 100 kwa mwaka, na kodi yake inakadiriwa kwa mauzo. Riba kwake haipunguzi kodi hata senti.

Lakini linaloninyima usingizi juu yako si hizo asilimia. Mimi nililipa deni langu mwezi wa Desemba. Nilikomba droo ya dukani, nikakomba na akaunti, nikarudi na hati ya nyumba kifuani, na mama yako akapika pilau. Katikati ya mwaka nilikuwa nimeshusha makadirio ya kodi, nikiamini marejesho ya mkopo ni gharama. Juni ikafika. Ritani ikaonyesha faida yote iko palepale, kodi yake inadaiwa, juu yake riba ya kukadiria chini, na akaunti ni tupu. Nikakopa kwa mtu wa mtaani, kwa riba ya kila mwezi. Ile hati, mjomba, ikatoka tena kabatini. Mama yako aliiona ikitoka, hakusema neno.

Kwa hiyo kabla ya kugusa deni, tenga fedha ya kodi, ikae mbali na ya mpunga. Makadirio hulipwa kwa awamu nne. Awamu iliyobaki mwaka huu ihesabu upya ukijua riba imepungua, kisha kinachosalia ndicho upeleke benki. Kikiwa milioni 8 badala ya 12, peleka 8. Deni lililopungua nalo ni nafuu.

Huko benki omba barua inayotenganisha deni lenyewe, riba na tozo, kila kimoja na mstari wake. Wakikupa jumla moja, mhasibu wako atakisia, na mkaguzi hapokei makisio. Risiti zile za karatasi laini zitoe nakala siku hiyohiyo. Zangu zilifutika ndani ya daftari, zikabaki karatasi nyeupe. Kisha, deni likiisha lote, fuatilia rehani ya hati yako ifutwe kwa msajili wa hati, usiridhike na kupewa karatasi tu.

Na hati usimtume mtu akuchukulie. Nenda mwenyewe, na ukitoka pitia hapa niione.