Sahani Moja au Mbili?

Hapa Acocks Green, tukioka vileja na watoto, swali huzuka: mwenye mzio atengewe sahani yake, au sote tule kisichomdhuru?

Kileja huanza vizuri, maana unga wa mchele hauna ngano. Kazi iko kwenye mayai na samli. Tukitia ndizi iliyopondwa na mafuta ya nazi, sukari tukaipunguza, hutoka laini zaidi (wazee hunung'unika, kisha humaliza sahani).

Wapo wasemao wengi wasinyimwe kashata za karanga kwa ajili ya mmoja. Hoja ina uzito. Lakini mwiko uliogusa karanga unaweza kutosha kumdhuru mtoto, na sahani ya pembeni humfanya mgeni nyumbani kwao.

Gumu zaidi ni adabu. Tumelelewa tusimwulize mwenyeji ametia nini chunguni. Sheria ya Natasha, iliyoanza Uingereza Oktoba 2021 baada ya binti kufariki mwaka 2016 kwa ufuta uliokuwa ndani ya mkate, huwabana wauzaji waandike viambato vya chakula wanachokifungasha dukani. Jikoni kwa shangazi haifiki. Huko mwenyeji ndiye aanze kusema, mgeni akiwa bado anavua viatu.