Tusipoweza Kukumbuka



Sisi tuliokaa miaka mingi katika chuo cha ualimu tunayo desturi moja mbaya. Tukisikia mtu amekosea neno, midomo yetu humsahihisha kabla hatujafikiri. Desturi hiyo imetutia aibu kanisani, nasi twaona yatupasa kuikiri hapa, maana kosa lilitendwa mbele ya watu wote.

Yuko mama mmoja wa mtaa wetu aliyetusomea masomo ya Jumapili kwa miaka mingi. Alipatwa na saratani ya titi, akapasuliwa, kisha akapewa zile dawa kali zinazoingizwa kwa mshipa, ziitwazo tibakemikali. Nywele zilimtoka, zikaota tena, nasi sote tulimshukuru Mungu. Jumapili moja akaombwa kuongoza Kanuni ya Imani, ambayo aliijua tangu darasa la kipaimara. Alipofika katikati, maneno yakamkimbia. Akanyamaza. Nasi, kutoka benchi la tatu, tukamtajia neno kwa sauti ile ile ya darasani. Vijana wa nyuma wakacheka. Baada ya ibada wengine walinong'ona kwamba imani yake imepoa, na mwingine akasema uzee umemwanza. Mama huyo hajatimiza hata miaka hamsini! Hakuonekana tena kanisani kwa majuma saba.

Laiti tungalijua tunayoyajua sasa. Dawa hizi huua chembe za mwili zinazozaliana upesi. Ndiyo maana uvimbe hupungua, na ndiyo maana nywele hutoka. Lakini wengi waliotibiwa husema pia kwamba akili imeingiwa na ukungu: jina la mtu halipatikani, sufuria husahauliwa motoni, ukurasa mmoja husomwa mara tatu. Mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya kuwapima wanawake waliougua saratani ya matiti. Kati ya waliopewa dozi kubwa sana, 32 katika kila 100 walionekana kupungukiwa. Waliopewa dozi ya kawaida, 17. Wasiopewa dawa hizo kabisa, 9. Baadaye ikaonekana kwamba wengine huwa wamepungukiwa hata kabla ya dozi ya kwanza. Basi si dawa peke yake. Ugonjwa wenyewe, hofu na kukosa usingizi navyo vimo. Kwa walio wengi ukungu huu hupungua kadiri miezi inavyopita, kwa wachache hukaa miaka. Wala mtu asilifanye neno hili kuwa sababu ya kuzikimbia dawa. Mama huyu yu hai.

Tulikwenda kumwona. Tulimkuta akichambua mchele, na kando yake daftari la shule. Ndani ameandika: zima jiko, dawa saa mbili, mchango wa Umoja wa Mama nimekwisha kutoa. Akatuambia, "Mwalimu, maneno yamo ndani. Ni kama nyumba yangu mwenyewe, nimefungiwa nje na ufunguo nimeuacha mezani." Kisha akauliza neno lililotunyima usingizi: "Nikisahau kusali, na siku moja nikisahau hata jina la Bwana, je, nitahesabiwa kuwa nimemkana?"

Twakiri hatukujibu upesi. Tumezoea kuwapima watu kwa mitihani, na mtihani hupima kukumbuka. Katekisimu yenyewe tuliifundisha kwa kukariri, fimbo ikiwa mezani. Lakini tukamfikiri yule mhalifu aliyesulubiwa kando ya Bwana. Hakuwa na somo lolote la kukariri. Aliomba jambo moja tu, yeye akumbukwe, naye akaahidiwa Peponi siku ile ile. Tazameni ni nani aliyebebeshwa kazi ya kukumbuka! Tena tukamfikiri Petro. Yeye alimkana Bwana akili zake zikiwa timamu, jina analijua vema. Kukana ni kazi ya moyo. Kusahau kwa namna hii ni udhaifu wa mwili, kama kuchechemea, na hakuna amchekaye aliyevunjika mguu kwa kuwa anapanda ngazi polepole.

Hayo tulimwambia, kisha tukamwomba msamaha. Akacheka, akasema alikwisha kutusamehe, ila hakumbuki siku gani.

Walimu wenzetu nanyi msikie. Watoto waliotibiwa saratani ya damu, hasa waliochomwa dawa katika maji ya uti wa mgongo au kupigwa mionzi kichwani, wanaweza kurudi darasani wakijifunza polepole kuliko zamani. Mtoto wa namna hiyo apewe muda, apewe jambo moja kwa wakati, aandikiwe. Tukikumbuka ni wangapi tuliowaita wavivu bila kuuliza habari zao, twaona haya.

Padre amekubali kwamba tangu sasa Kanuni ya Imani isomwe kitabuni kwa wote, na kila msomaji awe na mwenzake wa kusimama naye. Jumapili iliyopita mama alirudi, akasoma Zaburi, kidole chake kikiufuata mstari. Mstari mmoja aliusoma mara mbili. Tuliuitikia mara mbili.