Amana ya Mwenye Gazeti la Mashairi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa ulimi na kwa kalamu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baad. Mwezi uliopita kijana mmoja niliyemsomesha alinijia baada ya sala ya Alasiri, akaniambia kwamba yeye na wenziwe watatu wataka kutoa gazeti dogo la mashairi, lisilokuwa la chama, wala la tajiri, wala la serikali. Alikuwa amesikia kwa babake kwamba mimi niliwahi kuendesha gazeti kama hilo hapa Mombasa. Akaniuliza zatakiwa fedha ngapi, na ni nani awezaye kuwachapia kwa bei nafuu. Sikumjibu hayo. Nilimuuliza, "Mwanangu, una pahali pa kuyaweka yale mashairi utakayoyakataa?" Akacheka, akidhani namfanyia mzaha.

Haukuwa mzaha. Na kwa kuwa pale msikitini haikuwezekana kumweleza yote, nayaandika hapa, ayasome yeye na wengine wenye nia kama yake.

Gazeti letu lilitoka tangu mwaka 1985 hadi 1992, kila miezi mitatu, na mara nyingine kila miezi mitano. Tulikuwa watatu: mimi mwalimu wa chuo, mwenzangu mmoja karani wa bandarini, na wa tatu fundi cherehani ambaye duka lake ndilo lililokuwa ofisi yetu. Tulipiga chapa kwa taipureta ya kuazima juu ya karatasi za stensili, kisha tukazungusha mashini kwa mkono, na usiku huo mtu hurudi nyumbani na wino hadi viwikoni. Tulitoa nakala 300. Nusu ya waliochukua hawakulipa. Hesabu ya fedha sina haja ya kuirefusha, kwani kila aliyewahi kutoa gazeti dogo aijua. Mara moja tajiri mmoja alituahidi karatasi za mwaka mzima, kwa sharti kwamba toleo linalofuata lifunguliwe kwa shairi la kumsifu yeye na mabasi yake. Tulikataa, na yule fundi akauza cherehani yake moja ili toleo litoke. Sisi tulijisifu kwa uhuru wetu. Kama mkewe alijisifu, hilo sikuuliza.

Walikuwapo waliotuonya tangu mwanzo kwamba kazi yenyewe haina kheri, wakitutajia mwisho wa Surat Ash-Shuaraa, pale washairi walipotiwa makosani kwa kutangatanga katika kila bonde na kusema wasiyoyatenda. Lakini mwenye kuisoma sura hiyo asisite kabla ya kufika aya yake ya mwisho, ya 227, ambapo wametolewa katika lawama wale walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Na twajua kwamba Mtume (S.A.W.) alimwekea Hassan bin Thabit mimbari msikitini ili asimame na kuusemea Uislamu kwa mashairi. Basi ushairi ni maneno kama maneno mengine, mazuri yake ni mazuri na mabaya yake ni mabaya. Zaidi ya hayo, mji huu una mfano wake. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932. Ingawa yale hayakuwa magazeti ya mashairi, yalitufundisha kwamba mwanachuoni mmoja, pasi na kampuni nyuma yake, aweza kuwafikia watu majumbani mwao kwa karatasi chache.

Kwa hivyo sisi tulijiona tumesalimika. Tulichokiogopa ni mashairi yenyewe: la mapenzi lililopita mpaka, la fumbo linalomchoma jirani, majibizano yanayoanza kwa mzaha na kwisha kwa watu kutosalimiana. Hayo tuliyachunga sana. Tulihesabu mizani kwa vidole, tukaviangalia vina vya kati na vya mwisho, tukasoma kila ubeti mara tatu kuona kama mna tusi lililofichwa. Madhara yakaja kwa mlango ambao hatukuuwekea mlinzi.

Mwaka 1987 tuliletewa shairi la mama mmoja, mjane wa nahodha. Mumewe alikuwa ametoka na chombo miaka mingi nyuma yake na hakurudi, wala mwili wake haukupatikana. Mama huyo hakujua herufi za kizungu. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa wanawake wengi wa rika lake, kwa hati nzuri kuliko yangu. Mjukuu wake ndiye aliyeleta karatasi, na kazi ya kuligeuza shairi katika herufi za taipureta ikawa yangu.

Wasomaji wenye umri watanifahamu, lakini vijana yataka niwaeleze. Katika hati ya zamani, herufi be hutumika kwa b, na kwa p, na kwa mb. Dali ni d, na ni nd pia. Kasra moja husimama mahali pa i na mahali pa e, na dhuma mahali pa u na mahali pa o. Walikuwapo waliojaribu kuliondoa tatizo hili, kama Mwalimu Sikujua katika karne ya kumi na tisa na Sheikh Al-Amin baada yake, kwa kutia alama za kupambanua sauti. Lakini watu wengi waliendelea na mwandiko waliorithi. Msomaji wa hati hiyo hasomi kwa macho tu. Hana budi kumjua mwandishi, na kujua jambo linalozungumzwa, ndipo ajue neno ni lipi.

Mama yule aliandika kwamba mumewe "alipopinda kule" ndipo yeye alipoachwa peke yake. Maana yake ni kwamba chombo kilipinda nyuma ya rasi, tanga likapotea, na hiyo ikawa mara yake ya mwisho kumuona. Mimi nikasoma "alipopenda kule".

Mizani ilikuwa sawasawa. Pinda na penda zote zina silabi mbili, na kina hakikuguswa. Kwa vidole vyangu shairi lilikuwa halina kasoro, na vidole ndivyo nilivyoviamini. Tukalichapa. Kabla ya wiki kwisha, kwenye baraza moja ya kahawa watu walikuwa wakicheka kwamba kumbe nahodha hakuzama, alipata mke bandari nyingine, na mjane wake mwenyewe amekiri gazetini.

Alikuja dukani kwa fundi, amekaa kitini, hakuvua barakoa, na hakupandisha sauti. Aliniambia, "Maalim, mimi sikuandika alipenda. Niliandika alipinda." Nikamwomba radhi, nikamwahidi kwamba toleo lijalo litakuwa na sahihisho. Akaniuliza, "Na wale wa barazani watalisoma hilo sahihisho?" Nikanyamaza, kwani nilijua kwamba wengi wao hata lile shairi hawakulisoma, walisimuliwa tu. Akasema, "Basi nenda ukawasomee wewe mwenyewe, kwa sauti yako, kama nilivyoandika mimi. Sitaki jengine."

Sahihisho tulilichapa baada ya miezi minne, mistari miwili chini ya ukurasa wa mwisho. Barazani sikwenda.

Nilikuwa na umri wa miaka 27, mwalimu mwenye jina, na niliona haya kusimama mbele ya wazee kusema kwamba sikuweza kusoma neno la mwanamke. Nilijiambia kwamba watu wamekwisha sahau, na kwamba kulirudia jambo ni kulichochea. Hiyo ni hoja nzuri sana kwa mtu asiyetaka kwenda. Na mwaka huo huo, jamani, nilikuwa nikiwasomesha wanafunzi mlango wa toba katika Riyadhu Swalihin, ambapo Imam Nawawi aeleza kwamba dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina masharti matatu, kuiacha, kujuta, na kuazimia kutoirudia, lakini ikihusu haki ya mwanadamu sharti huwa la nne, nalo ni kujitoa katika haki ya mwenyewe. Nililieleza sharti la nne kwa ufasaha. Nakumbuka nilitoa mfano wa mtu aliyeiba mbuzi.

Mama yule alifariki mwaka 1993. Baada ya khitma nilikwenda kwenye ile baraza na nakala ya shairi mkononi. Nikalisoma lote. Walionisikiliza ni muuza kahawa na vijana wawili waliokuwa wakicheza dama, ambao hawakupata kusikia habari ya nahodha wala ya kicheko. Wale waliocheka, mmoja alikuwa amehamia Maskati, na waliobaki walikuwa wamemtangulia mama huyo kaburini. Kijana mmoja aliniuliza kama shairi ni langu.

Tangu siku hiyo nilianza kuifikiri kazi ya mwenye gazeti kwa namna nyingine. Tulipokuwa chuoni tulisoma katika Matn ya Abi Shujaa kwamba wadia, yaani kitu unachowekewa na mwenzio umhifadhie, ni amana, na kwamba ni vyema kuipokea kwa yule awezaye kuitekeleza. Imam Nawawi katika Minhaj aongeza kwamba asiyeweza kuihifadhi ni haramu kuipokea. Mwenye kuwekewa halipi kitu kikipotea bila ya kosa lake, lakini akizembea, au akikichanganya na mali yake, au akimpa mtu mwengine bila ya idhini, hapo dhamana humwangukia. Na mwenyewe akifa, kitu hurejeshwa kwa warithi wake. Ndugu msomaji, nitajie ni lipi kati ya makosa hayo ambalo mwenye gazeti hafanyi. Mashairi ya watu tuliyaweka pamoja na risiti zetu. Tuliyabadilisha maneno bila ya kuuliza. Tuliwapa marafiki wayasome na wayacheke. Na yale tuliyoyakataa, ambayo ni mengi kuliko tuliyoyachapa, tuliyatia katika gunia la unga, na gunia tukaliweka darini.

Atakayesema kwamba karatasi iliyokataliwa si mali, namkumbusha Muyaka bin Haji. Alifariki hapa Mombasa yapata mwaka 1840, na hakuacha kitabu. Mashairi yake yalikaa katika vifua vya watu na katika karatasi za hapa na pale, mpaka huyo huyo Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kumfafanulia William Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekuwa akikaa hapa. Taylor akaenda nayo kwao, na Diwani ya Muyaka haikuchapishwa mpaka mwaka 1940, huko Johannesburg, kwa mkono wa Hichens. Miaka mia moja! Katika muda huo ni watu wangapi walioshika kipande cha karatasi chenye ubeti wake, wakaona hakina kazi, wakafungia bizari?

Sisemi kwamba katika gunia langu mna Muyaka. Nimeyasoma yote upya na, kusema kweli, mengi tuliyakataa kwa haki. Lakini hukumu ya wadia haitazami uzuri wa kitu. Mtu akikuwekea jembe bovu, ni jembe lake.

Yule kijana aliniambia kwamba siku hizi jambo hili limekwisha, kwa kuwa mashairi huletwa kwa simu na mwenyewe hubaki na nakala yake. Hapo amesema kweli, na nimemkubalia: amana ya karatasi imepungua. Ile ya neno haikupungua. Simu nayo husahihisha maneno ya watu bila ya kuwauliza, tena kwa haraka kuliko nilivyofanya mimi, na kicheko chake hakingoji kahawa.

Gunia tulilishusha mwaka 2004. Panya na mchwa walikuwa wamekula sehemu, na hiyo ni dhamana yangu. Yaliyosalimika yalikuwa 112. Kwa kuulizauliza misikitini na kwenye vyombo viendavyo Lamu na Pemba, nimeyarejesha 74 kwa wenyewe au kwa warithi wao. Mmoja alilia. Mmoja alinifukuza. Mmoja alisema hakumbuki kupata kuandika shairi maishani mwake, na hati ilikuwa yake. Yaliyobaki 38 yana majina, nami naendelea kuwatafuta, isipokuwa moja.

Hilo halina jina. Lilitiwa chini ya mlango wa duka la fundi usiku mmoja wa Ramadhani mwaka 1988. Tulilikataa kwa kuwa hatukujua ni la nani, tukaogopa fumbo. Kitu kisichojulikana mwenyewe hukumu yake ni ya kiokotwa, na mafundisho ya Mtume (S.A.W.) juu ya kiokotwa ni kwamba uzijue alama zake, chombo chake na kamba yake, kisha ukitangaze mwaka mzima. Mimi sikukitangaza hata siku moja. Basi natangaza leo. Ni shairi la beti saba, kwa herufi za Kiarabu, kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Alama nyingine sizitaji, kama yapasavyo. Aliyeliandika, au mtoto wake, aje aniambie lamuomboleza nani, na ni neno gani lililokatwa kwa wino katika ubeti wa tano. Mimi hupatikana chuoni baada ya Alasiri, isipokuwa Ijumaa.